Jina la Tatu

Siku aliyozikwa, mzee alikuwa na miaka 82, 88 na 92. Ilikuwa Tanga, mwaka 2012. Maiti ingali inaoshwa ndani, na barazani karani anataka tarehe ya kuzaliwa apate kujaza kibali cha mazishi. Mtoto mkubwa wa kiume akatoa cheti: 1 Januari 1930. Ami mmoja akakohoa. Marehemu, alisema, aliandikwa kazi na wakala wa meli mwaka 1940. Huyo Mzungu aliajiri makarani wa miaka kumi? Kitambulisho cha kazi, kilichofubaa hadi picha ikabaki kivuli, kilisema 1920. Shangazi, dada pekee aliyebaki, hakuomba kuona karatasi yoyote. Alisema kutoka nyuma ya pazia kwamba kaka yake alizaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi wa mlisho, na kwamba mama yao aliyasema hayo mpaka anakufa. Karani akaandika 1930, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na muhuri.

Binti wa marehemu, aliyefundisha jiografia sekondari kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa nyuma ya pazia hilo hilo. Katika makala haya ataitwa Mwalimu tu. Familia imekubali kisa kisimuliwe, ila majina yabaki nyumbani.

Baada ya arobaini aliketi na zile karatasi mbili na kuzitazama kama anavyotazama madaftari ya wanafunzi wawili walionakiliana vibaya. Hakuanza kwa kuuliza ipi ya kweli. Aliuliza kila moja iliandikwa siku gani, na siku hiyo baba yake alikuwa anataka nini. Mwaka 1940 alitaka kazi, na kazi ilitaka mtu mzima. Kijana akajiongezea miaka. Mwaka 1974, kwa hesabu ile ile ya uongo, alikuwa amekaribia miaka 55 ya kustaafu huku watoto wanne wakiwa bado shuleni. Akaenda kwa wakili, akatoa hati ya kiapo, akazaliwa upya mwaka 1930. Shahidi aliyeapa kwamba anakumbuka kuzaliwa kwake alikuwa jirani ambaye, kwa cheti chake mwenyewe, alizaliwa 1933.

Kuhusu ile Januari mosi, yeyote aliyewahi kupanga foleni ya pasipoti anaijua. Ni siku ambayo nusu ya wazee wa nchi hii wamezaliwa. Tanganyika ilipata sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini kwa wenyeji wengi wa vijijini na mitaani ilikuwa kama haipo. Karani aliyepewa mwaka bila siku alijaza siku ya kwanza ya mwaka. Makarani wa sensa walikuwa na busara zaidi: walipewa kalenda ya matukio, wakawauliza wazee kama walikuwa wamekwenda jandoni vita vya Mjerumani vilipoanza, au kama walikuwa wakitambaa nzige walipofunika mashamba. Mwalimu aliichukua mbinu hiyo. Tangu hapo hakumuuliza mzee yeyote “mwaka gani”. Aliuliza nani aliingia kumbini pamoja nawe, nyumba ilikuwa ya makuti au ya bati, nani alikuwa liwali.

Kilichobaki ni ule usiku wa Ijumaa.

Ulikuwa umeandikwa. Nyuma ya msahafu wa chapa ya Bombay, katika ukurasa uliokuwa mtupu, babu alikuwa ameorodhesha uzazi wa wanawe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, mistari mifupi ya wino uliogeuka rangi ya chai. Herufi hizo zina taabu yake: hazina p wala v zilizo zao, kwa hiyo Pangani, walikozaliwa wote, mgeni angeisoma Bangani. Ila tarakimu zilikuwa wazi. Mtoto wa pili: usiku wa Ijumaa, 14 Shaabani 1342. Shaabani ndio mwezi wa mlisho.

Mwalimu alifanya hesabu kwa penseli, akiwa amekaa sakafuni. Mwaka 1342 wa Hijria ulianza katikati ya Agosti 1923. Kwa kalenda ya hesabu miezi hupishana siku 30 na 29, kwa hiyo miezi saba kabla ya Shaabani ni siku 207. Februari ya 1924 ilikuwa na siku 29. Shaabani ikaangukia tarehe 8 Machi, na mwezi 14 ikawa tarehe 21 Machi 1924. Akahesabu siku za juma. Ijumaa.

Alihesabu mara ya pili kwa sababu hakuamini. Kuandama kwa mwezi kungeweza kusogeza tarehe kwa siku moja, na mtu anayebuni tarehe baada ya miaka mingi ana nafasi moja tu katika saba ya kuipatia siku yake. Hapa siku na tarehe zilishikana. Aliyeandika mstari ule aliuandika mtoto angali mchanga, au muda si mrefu baadaye, na hakuwa na mwajiri wa kumridhisha. Tena kwa Mswahili siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao saa ya ukutani inauita Alhamisi. Mzee alizaliwa Alhamisi usiku, tarehe 20 Machi 1924, na alikufa ana miaka 88. Shangazi, ambaye hakuwahi kushika kalamu ya Kizungu, ndiye pekee aliyekuwa sahihi barazani pale.

Mtu akishapata ushindi wa namna hiyo huota mabawa. Mwalimu alimwamini shangazi kwa tarehe, akaona amwamini kwa mengine yote, na mengine yote yalikuwa nasaba.

Nasaba ya familia ilikuwa na majina saba. Watoto walifundishwa kuyataja kabla ya kujua kuhesabu: baba, babu, kisha Abdallah, kisha manne mengine ya Kiarabu, la mwisho likiwa la mtu aliyetoka Manga kwa jahazi pamoja na Sayyid Said. Harusini yalitajwa. Ugomvi wa mashamba ulipozuka yalitajwa kwa sauti zaidi. Mwalimu aliyaandika kwa mstari wa kusimama, akaweka miaka 30 kwa kila kizazi, na hesabu ikagoma. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, akafa 1856. Babu wa saba, kwa hesabu ile, angezaliwa karibu na 1740. Angepanda jahazi akiwa na miaka 90, na bado awe na nguvu za kuanzisha ukoo Pangani.

Hilo peke yake si kitu. Vizazi hurefuka, majina husahauliwa, babu wawili wenye jina moja hugeuka mmoja. Kilichomsumbua ni jina la tatu. Abdallah ni jina la heshima, na Abdallah wengi waliitwa hivyo na baba zao wenyewe. Lakini Mwalimu alikuwa amesikia kwa mashehe jambo linalojulikana pwani yote na kusemwa kwa nadra: mtu aliyesilimu bila baba Mwislamu huandikwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, kwa maana baba yeyote anaweza kuwa huyo. Jina linalofaa kila mtu halimtambulishi mtu. Tena Abdallah yule hakuwa na kaburi, shamba wala kisa. Babu wa nne alikuwa na mnazi wenye jina lake. Abdallah hakuacha hata mkeka.

Alikwenda kumuuliza shangazi, naye akazungumzia bei ya nazi. Akaenda tena mwezi uliofuata. Ziara hizo zilichukua karibu miaka mitatu, nyingi zikiwa za kupeleka sukari na dawa ya presha, na nyingine za kukaa tu. Mtafiti wa chuo angeziita upotevu wa muda. Ni katika ziara hizo Mwalimu alijifunza kwamba swali likiulizwa mbele ya wajukuu lina jibu moja, na likiulizwa wakati wa kuchambua mchele, wawili peke yao, lina jingine.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kunisahihisha tena?”

Siku hiyo shangazi alimwambia afungue kasha, atoe kitambaa cheusi kilichoshonwa pande zote kama hirizi, na akate uzi. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Juu palikuwa na tai wa Kaizari na namba. Chini, maandishi ya chapa ya Kijerumani yenye nafasi zilizojazwa kwa mkono, na mahali na mwaka: Pangani, 1899.

“Baba alisema isitupwe na isionyeshwe,” shangazi alisema. “Nimetimiza yote mawili. Sasa nimechoka.”

Ilikuwa karatasi ya uhuru. Wajerumani, waliomshinda Abushiri mwaka 1889 na kumnyonga pale pale Pangani, hawakufuta utumwa katika koloni lao. Walipiga marufuku biashara yake, wakaweka njia za mtumwa kukombolewa au kuachwa na bwana wake, na kwa kila aliyetoka wakatoa hati. Amri ya kwamba watoto wa watumwa watazaliwa huru ilianza na mwaka 1906. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo mwaka 1899 hati ile ilikuwa mali. Aliyeipoteza angeweza kujikuta akibishana na mtu anayemwita mtumwa wake mbele ya akida asiyemfahamu.

Mwenye hati alikuwa mwanamke. Hakuna hata jina moja la mwanamke katika nasaba ya majina saba, na hapa alikuwepo, na jina lake, na umri wa kukadiria: miaka 25. Pamoja naye mtoto wa kiume, kadiri ya miaka sita. Jina la mtoto lilikuwa la babu.

Kusoma mengine kulichukua wiki. Mwalimu alipiga picha kwa simu, akampelekea mwanafunzi wake wa zamani aliyesoma Ujerumani, na huyo akajibu kwamba Kijerumani anakijua, ila mwandiko huu haujui. Ni mwandiko wa zamani ambao herufi e hufanana na n, na karani mwenye haraka huziacha zote ziwe mikwaruzo. Jina la bwana walilisoma kwa namna tatu kabla ya kukubaliana. Walipokubaliana, Mwalimu alikaa kimya kwa muda, kwa sababu alikuwa analijua. Bwana yule na baba yake walikuwa jina la nne na la tano katika nasaba aliyofundishwa utotoni.

Hapo msomaji mwepesi anaweza kufunga daftari: familia ilikuwa ya mjakazi, ikavaa ukoo wa bwana, ikaweka Abdallah katikati kama kiraka. Huenda ndivyo. Mahuru wengi wa pwani waliendelea kujinasibisha na ukoo wa waliowaacha huru, kwa sababu bila ukoo hupati mdhamini, mke wala mahali pa kuzikwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake *Desturi za Wasuaheli* kilichapishwa 1903, aliandika kwa kirefu juu ya watumwa, wazalia na namna ya kuachwa huru, naye alikuwa akieleza mji alioishi ndani yake, si historia.

Ila kuna njia ya pili. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana ni mungwana kamili. Anarithi, anaitwa kwa jina la baba, na mama yake haruhusiwi kuuzwa tena. Kama babu alikuwa mwana wa bwana, majina manne ya juu ni yake kwa haki. Basi kwa nini aandikwe katika hati ya uhuru, kama mtu aliyekuwa mtumwa? Labda bwana alimkana. Labda alikuwa amekufa na ndugu zake hawakutaka mrithi wa ziada. Labda karani Mjerumani aliona mwanamke na mtoto mezani, akaandika wote wawili, na sheria ya suria haikumhusu. Abdallah anaweza kuwa kiraka cha aliyetoka bara, au kiraka cha aliyekanwa. Mwandishi wa makala haya anaegemea la pili, kwa sababu tu ya ule mnazi wa babu wa nne, ambao familia iliuvuna miaka yote bila mtu kuwafukuza. Mwalimu hataki kuegemea popote.

Hata penye kabila hati haikusaidia. Imeandikwa Mnyasa. Mwalimu alifurahi kwa siku moja, akafungua ramani, kisha akakumbuka alichokuwa akiwafundisha wanafunzi kuhusu njia za misafara. Pwani, Mnyasa alikuwa mtu yeyote aliyeletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kama Mmanyema alivyokuwa mtu yeyote aliyevukishwa Ziwa Tanganyika. Neno hilo linaeleza barabara aliyopitishwa, na kijiji chake hakimo.

Alikwenda pia Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, akidhani bwana yule angekuwa na jamaa upande wa pili wa mlango wa bahari. Hakupata la maana. Alichopata ni tahadhari: dikrii ya 1897 ya Zanzibar ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na bwana alilipwa fidia. Penye fidia, anayetaja idadi na umri ana mkono unaowasha. Sensa nazo zina mambo yake. Mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 Unguja na Pemba walijiandikisha kuwa Waswahili, na mwaka 1931 hawakufika 3,000. Hakuna tauni iliyowaua. Neno lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na watu wakahamia maneno mengine, hasa Mshirazi.

Kwa Ushirazi huo, Mwalimu alipata faraja asiyoitarajia: wakubwa nao wana jina la tatu. Mwanzo wa masultani wa Kilwa umesimuliwa katika maandishi mawili ya zamani. Nakala ya Kiarabu inasema sultani wa Shiraz na wanawe sita walikuja kwa merikebu saba. Mreno João de Barros, aliyechapisha yake mwaka 1552, anasema aliyekuja Kilwa ni Ali, mwana ambaye ndugu zake walimdharau kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi. Katika Kiarabu huyo mama hayumo. Tarehe nazo zimetembea: maandishi huelekeza karne ya 10; Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimsogeza Ali bin al-Hasan hadi karibu na 1200; kisha mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, kikapatikana kibindo cha sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zikiwemo za jina lake, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi za karne ya 11, na Ali akarudishwa nyuma tena. Historia ya Pate ina shida kubwa zaidi, maana tulizonazo ni nakala zilizosimuliwa na kunakiliwa upya, nazo hazipatani.

Machi 2023 jarida la *Nature* lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi kutoka makaburi ya miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia wa Kenya, ni mmoja wa waandishi wake. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kwa mama wa Kiafrika, na kwa upande wa baba wageni wa Asia, hasa Waajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Hadithi ya Shiraz iliyochekwa na wasomi wengi ikapata mifupa ya kusimamia. Wiki hiyo hiyo binamu wa Muscat alituma kwenye kundi la familia picha ya shajara: matawi ya kijani, mwandiko wa kompyuta, majina 14. “Sayansi imethibitisha,” aliandika.

Mwalimu aliitazama ile shajara jioni nzima. Majina mawili ya kwanza yalikuwa sawa. La tatu, Abdallah, lilikuwa limeondolewa, na babu ameunganishwa moja kwa moja na bwana wa Pangani. Alimpigia. Binamu hakukasirika. Alieleza kwamba baba yake alipohamia Oman katika miaka ya 1970 alihitaji kabila litakalomtambua ndipo apate uraia, na shehe wa kabila alitaka mnyororo usio na pengo. Ikachorwa bila pengo. “Da'Mkubwa, tungelala wapi?” aliuliza.

Kumtumia picha ya hati ya 1899 angeweza. Hakuituma, na mpaka leo anabishana na nafsi yake kama hiyo ni huruma au woga. Aliiweka katika bahasha isiyo na asidi ambayo mkutubi mmoja alimpa, mikunjo imefunguliwa, akaandika nyuma ya bahasha, kwa penseli, imepatikana wapi, kwa nani na lini. Katika daftari lake kila jina lina mistari mitatu: lililosemwa, lililoandikwa, na nani alikuwa akisikiliza. Baba yake ana tarehe tatu za kuzaliwa, zote zimeachwa, kila moja na sababu yake pembeni.

Kila mwaka, mwezi wa mlisho, familia husoma hitma ya wafu wake. Mwaka huu Mwalimu ndiye aliyeandika orodha ya kumpa shehe, kama alivyozoea: majina saba, kwa mpangilio ule ule, Abdallah mahali pake. Chini ya Abdallah safari hii aliongeza mstari mmoja, jina la mwanamke, bila binti wa nani. Shehe alisoma vizuri hadi pale, akasimama, akasogeza miwani, akageukia upande wa pazia.

“Huyu ni nani?”

Wajukuu walitazamana. Mwalimu alifungua mdomo, lakini sauti iliyotangulia ilikuwa ya shangazi, kavu, ya mtu anayetaka kazi iendelee kabla pilau haijapoa.

“Wetu. Msome.”